Uzi: Ds(2317) si mesoni ya kawaida, na ushahidi uko kwenye jinsi inavyovunjika

#1 Mwana_wa_Kihonda
Wakuu habari zenu. Naomba tuijadili hii bila kuogopana.

Napitia orodha ya mesoni (chembe za kwarki moja na antikwarki moja) zenye kwarki chamu (c) na antikwarki strenji (s). Hadi mwanzoni mwa 2003 familia ilikuwa imetulia: Ds ya MeV 1968 (MeV ni kipimo cha nishati, hapa cha uzito), Ds* ya 2112, kisha Ds1(2536) na Ds2(2573). Ndipo watu wa jaribio la BaBar, kule SLAC California, wakatangaza kilele chembamba kwenye 2317, katika jozi ya Ds na pioni isiyo na chaji. Baada ya hapo zikafuatana 2460, 2700, 2860 na 3040, na mwaka 2021 LHCb, jaribio la CERN, wakaleta 2590.

Dai langu: hii 2317 si kwarki na antikwarki tu. Modeli ya Godfrey na Isgur ya 1985 iliwapatia vizuri wale wanne wa mwanzo, lakini huyu ilimweka karibu na 2480. Tofauti ya MeV 160 huwezi kuisingizia kipimo. Mimi naona ni molekuli: mesoni D (chamu na antikwarki nyepesi) na kaoni (K) zimeshikana. Anayepinga aje na hoja.

#2 Pwani_Moja
Mkuu, umeanza na uzito, na uzito ndio shahidi dhaifu kuliko wote. Kumtambua mtu kwa kilo zake tu utawakamata wengi wasiohusika. Modeli ikikosea MeV 160 huenda tatizo ni la modeli.

Uliza kwanza: huyu anavunjika kuwa nini, havunjiki kuwa nini, na kwa uwiano gani? Humo ndimo spini (mzunguko wa ndani wa chembe) na pariti (alama chanya au hasi, chembe ikigeuzwa kama kwenye kioo) zinapatikana. Ukishakuwa nazo ndiyo urudi kwenye uzito.

#3 Binti_Mkwaju
Samahani wakuu, mimi nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Kabla hamjaenda mbali, naomba mtu anieleze kitu kimoja. Hiki kitu kinaishi muda mfupi kiasi kwamba hakiachi hata alama kwenye kigunduzi. Sasa hicho "kilele" kinaonekana wapi hasa?

#4 Mswahili_wa_Bonn
Swali zuri dada. Ngoja nikupeleke hatua kwa hatua, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Kigunduzi kinaona vitu vinavyodumu: kaoni, pioni zenye chaji, fotoni. Chukua K+, K- na pioni yenye chaji zilizotoka sehemu moja. Jumlisha nishati zao, jumlisha kasimwendo zao kama vekta, kisha piga hesabu ya nishati mraba toa kasimwendo mraba, uchukue kipeuo cha pili. Jawabu ni uzito wa mzazi, kama kweli walikuwa na mzazi mmoja. Jawabu likiangukia karibu na 1968, una mgombea wa Ds. Sasa chukua fotoni mbili. Uzito wao wa pamoja ukiwa karibu na 135, hiyo ni pioni isiyo na chaji. Unganisha hao wawili, Ds na pioni, ukokotoe uzito wa wote, uweke nukta moja kwenye histogramu. Rudia kwa kila mgongano ulio nao.

Michanganyiko mingi ni ya bahati tu, kwa hiyo unapata mlima laini usio na umbo. Juu ya mlima huo, pale 2317, nukta zinarundikana kama mnara. Jaribio la lazima ni hili: chukua wagombea wa Ds walio pembeni mwa 1968, yaani si Ds za kweli, urudie hesabu ile ile. Mnara ukibaki, umejidanganya. Wa BaBar uliondoka.

#5 Binti_Mkwaju
Asante sana. Hiyo ya kurudia kwa wagombea wa pembeni naipeleka darasani kesho.

#6 Pwani_Moja
Naendelea nilipoishia #2. Angalieni jinsi 2317 inavyojitambulisha.

Imeonekana ikienda Ds na pioni. Hao wote wawili wana spini sifuri na pariti hasi, kwa hiyo mzazi lazima awe kwenye mstari wa 0+, 1-, 2+, 3- na kuendelea (namba ni spini, alama ni pariti). Haionekani ikienda Ds na fotoni moja; kutoka spini sifuri kwenda spini sifuri kwa fotoni moja ni marufuku. Haionekani ikienda Ds na pioni mbili. Kwa mzazi wa 0+ hiyo nayo pariti inaikataa. Kila mlango uliofungwa unaelekeza 0+.

Mlango mkubwa ungekuwa D na K, ila kizingiti cha D na K, yaani jumla ya uzito wao, ni kama 2359 kwa jozi moja na 2367 kwa nyingine. 2317 iko chini, haifiki. Imebaki na Ds na pioni, ambako isospini (namba inayozichukulia kwarki u na d kama sura mbili za kitu kimoja) haihifadhiwi: Ds haina isospini, pioni ina 1. Inapita kwa sababu kwarki u na d hazina uzito sawa, na pioni huchanganyika kidogo na mesoni eta. Ndiyo maana inachelewa kuvunjika, na kilele chake ni chembamba mno. Wembamba wake si ushahidi wa kitu cha ajabu. Hata mesoni ya kawaida ya kwarki mbili ingekuwa nyembamba ikikaa chini ya kizingiti.

#7 Kijana_wa_Data
Nikazie hoja ya #6: BaBar ndio walioziona zote mbili, 2317 na 2460, na wakapima upana wa 2317 kuwa MeV 3.8.

#8 Mswahili_wa_Bonn
Hapana, ndugu #7, yote mawili yanahitaji kusahihishwa.

3.8 ni kikomo cha juu kwa uhakika wa asilimia 95. Upana wenyewe haujapimwa, unaweza kuwa mdogo mara kumi au mara mia ya hapo.

Kuhusu 2460, waliothibitisha kuwa ni chembe inayojitegemea ni CLEO, kule Cornell, mwaka huo huo wa 2003. Belle wa Japani nao wakaziona zote mbili. BaBar waliona uvimbe pale 2460 lakini walisita, na sababu ya kusita kwao inafaa kuelezwa. Ds* huenda Ds na fotoni, na tofauti ya uzito kati ya Ds* na Ds ni MeV 144. Tofauti kati ya 2460 na 2317 ni 142. Chukua 2317 ya kweli, ibandike fotoni yoyote iliyokuwa inapita, na Ds yako itageuka "Ds*" na jumla itaangukia karibu na 2460. Na kinyume chake: 2460 ya kweli ikipoteza fotoni inaangukia karibu na 2317. Chembe mbili zinazolishana namna hiyo huwezi kuzitenganisha kwa jicho. CLEO walikokotoa kila upande unamwaga kiasi gani kwa mwenzake, wakakuta kilichobaki 2460 hakielezeki bila chembe ya pili.

#9 Mwana_wa_Kihonda
Safi. Sasa nirudi na hoja yangu, safari hii kwa namba.

Wastani wa kizingiti cha D na K ni 2363. Toa 2318, unabaki na 45. Wastani wa kizingiti cha D* na K ni 2504. Toa 2459.5, unabaki na 45 tena. Molekuli mbili, kaoni ile ile, nguvu ya kushikana ile ile. Barnes, Close na Lipkin walilisema wazo la molekuli mwaka huo huo wa 2003. Bado mnataka nini?

#10 Babu_Hesabu
Kijana, mimi natoa kwa njia nyingine. 2317.8 toa 1968.3 ni 349.5. Na 2459.5 toa 2112.2 ni 347.3. Yaani 0+ imekaa juu ya 0- kwa kiasi karibu sawa na 1+ ilivyokaa juu ya 1-. Bardeen, Eichten na Hill walieleza kwamba ulinganifu wa kairali (kati ya kwarki nyepesi za mkono wa kushoto na wa kulia) unazipanga mesoni hizi kwa jozi, kila jozi ikitengana kwa kiasi kile kile. Hapo hakuna molekuli, ni kwarki mbili tu.

Namba zako 45 na 45 ni nzuri. Zangu nazo je?

#11 Mwana_wa_Kihonda
Babu umenibana. Ila D* na D zinatofautiana kwa karibu 141, na Ds* na Ds kwa 144, kwa hiyo ukishapata sadfa moja, nyingine inakuja yenyewe! Hazitutenganishi mimi na wewe.

#12 Babu_Hesabu
Sasa tunaelewana. Uzito hautatutenganisha kamwe, Pwani_Moja kasema tangu #2.

#13 Mkereketwa_Mombasa
Nyinyi wa Kihonda na babu yenu mtapigania 2317 hadi alfajiri. Mnijibu mimi kuhusu 2860, ndiyo iliyonivutia kwenye fani hii. Nilipoanza shahada ya pili niliambiwa ni mesoni moja. Nilipomaliza zilikuwa mbili.

#14 Pwani_Moja
Hiyo 2860 ndiyo darasa lenyewe, tukae hapo kidogo.

BaBar waliiona 2006 ikienda D na K. Wengine wakasema ni 0+ iliyosisimuliwa (yenye nishati ya ziada), wengine, akina Colangelo na De Fazio wa Bari, wakasema ni spini 3. Mwaka 2009 BaBar wakaiona pia ikienda D* na K. Pale pale 0+ ikafa, kwa sababu 0+ haiwezi kwenda D* na K, pariti inakataa. Angalia: uzito haukubadilika hata kidogo, mlango mmoja mpya ukafuta nadharia nzima.

Lakini uwiano ukaleta shida. BaBar walipata D*K kwa DK ni 1.10, na makosa ya kipimo kama 0.24. Hesabu ya Bari kwa spini 3 ilitaka karibu 0.39. Haziingiliani.

Mwaka 2014 LHCb wakachukua Bs (mesoni ya kwarki b na s) ikivunjika kuwa D, K na pioni, wakachora mchoro wa Dalitz (uzito wa jozi moja dhidi ya nyingine) wakapima pembe. Pale 2860 kulikuwa na mbili zimelaliana: moja ya spini 1, pana, kama MeV 159, nyingine ya spini 3, nyembamba, kama 53. Ilikuwa mara ya kwanza kuona chembe ya spini 3 yenye kwarki nzito. Uwiano wa BaBar basi ulikuwa wa mchanganyiko wa wawili, ndiyo maana haukumfaa yeyote.

#15 Binti_Mkwaju
Kwa pembe wanajuaje spini 1 na spini 3?

#16 Mkereketwa_Mombasa
Hii naijibu mimi, niliichora mwenyewe hadi mkono ukauma.

Bs haina spini, na pioni iliyotoka nayo haina. Kwa hiyo chembe ya kati inazaliwa imejipanga kwenye mstari wa safari yake. Inapovunjika kuwa D na K unapima pembe kati ya K na mstari huo, kwenye mfumo ambao chembe yenyewe imetulia. Spini 0 inatoa mgawanyo sawa kila upande. Spini 1 inatoa kosaini mraba: nyingi mbele na nyuma, sifuri katikati. Spini 3 nayo ni sifuri katikati, lakini ina sehemu mbili zaidi za sifuri, kosaini ikiwa karibu 0.77 na hasi 0.77. Ukiona data inazama mara tatu, hiyo si spini 1 peke yake.

Na wembamba wa spini 3 hauna muujiza. D na K lazima zitoke na mzunguko wa 3 kati yao, kwa hiyo upana unafuata kasimwendo kwa kipeo cha 7. Kizuizi ni kikubwa, inachelewa kuvunjika.

#17 Kijana_wa_Data
Sasa kila kilele kipana tutasema ni viwili? Kwa mtindo huo hatutamaliza.

#18 Pwani_Moja
Ndiyo maana ya pembe na uwiano, Kijana. Mfano mzuri ni 2700. BaBar walipima uwiano wa D*K kwa DK wakapata karibu 0.91. Kabla ya kipimo, watu wa Bari walikuwa wamesema: ikiwa ni Ds* iliyosisimuliwa kwa nusukipenyo, yaani kwarki zake zikitikisika ndani na nje, uwiano utakuwa karibu 0.9, ikiwa ni ya mzunguko wa 2, utakuwa chini ya 0.05. Spini ni 1- kote kote, pembe haisaidii, uwiano ndio ulioamua. Wapo wanaosema ni mchanganyiko wa zote mbili na sehemu kubwa ni ya nusukipenyo, na hilo data haijalifuta.

3040 je? Imeonekana D*K tu, DK hakuna. Hiyo inaiweka upande wa pili: 1+ au ndugu zake. Ni pana sana, kama 239, nafasi ya kukosea ni kubwa.

#19 Fundi_wa_Muscat
Salaam alaykum. Mimi ni fundi wa mashine za eksirei, napita tu, lakini nimesoma yote. Mbona hakuna anayetaja ile 2632? Nilisoma zamani kwenye gazeti.

#20 Babu_Hesabu
Waalaykum salaam. Karibu fundi, umegusa kidonda.

SELEX, Fermilab, mwaka 2004. Walidai kilele kwenye 2632, katika Ds na eta, na pia D na K. Cha ajabu kilikuwa uwiano: eta ilishinda DK mara sita hivi. Sasa piga hesabu. Kizingiti cha Ds na eta ni 2516, cha DK ni 2359. DK ina nafasi zaidi ya maradufu, ilipaswa kushinda. Watu wakaandika makala nyingi za kwarki nne kuelezea uwiano huo. BaBar, Belle na FOCUS wakatafuta, hawakukuta kitu. Mimi naihesabu haipo.

#21 Mwana_wa_Kihonda
Babu, "haipo" ni neno zito. SELEX walitumia mwale wa hiperoni (chembe kama protoni, ila zenye strenji), wengine hawakuwa nao. Huenda inazalishwa vizuri huko tu.

#22 Babu_Hesabu
LHC inazalisha chamu kwa wingi ambao SELEX hawakuuota. Ingetokea. Na familia hii ina historia hiyo: Ds yenyewe, wakati huo ikiitwa F, ilitangazwa na DASP kule DESY mwaka 1977 ikiwa na 2030. Mwaka 1983 CLEO wakaipata kwenye 1970, ikienda mesoni fai na pioni. Fai ni nyembamba, na mgawanyo wa pembe zake unajulikana mapema, ndiyo maana ya 1983 ikasimama.

#23 Mswahili_wa_Bonn
Turudi kwenye mada kabla uzi haujafika 1960. Mwana_wa_Kihonda alitaja 2590 mwanzoni halafu akaiacha.

LHCb waliipata kwenye B0 ikivunjika kuwa D-, D+, K+ na pioni hasi, ndani ya kundi la D+, K na pioni. Uzito kama 2591, upana kama 89, spini-pariti 0-. Kwa 0-, kwenda D na K peke yake ni marufuku, kwa hiyo wasingeipata kamwe kwenye utafutaji wa DK wa miaka yote. Walichagua jozi za K na pioni zenye uzito mdogo ili K*(892), chembe inayovunjika kuwa K na pioni, isiwavurugie. Wanasema ni Ds iliyosisimuliwa kwa nusukipenyo. Tatizo: modeli nyingi ziliitaka juu zaidi, kwenye 2640 na kupanda.

#24 Mwana_wa_Kihonda
Ona! Nayo imeshuka chini ya modeli, na iko juu kidogo tu ya kizingiti cha D* na K. Vizingiti vinavuta. Siwezi kuwa mwendawazimu peke yangu.

#25 Pwani_Moja
Kuvutwa na kizingiti si sawa na kuwa molekuli. Mesoni ya kwarki mbili inayojiunga kwa nguvu na jozi ya jirani itashuka pia. Mohler na wenzake, 2013, walifanya hesabu za latisi (nguvu ya kwarki ikikokotolewa na kompyuta kwenye gridi) wakajumuisha waziwazi jozi ya D na K, na 2317 ikajitokeza chini ya kizingiti. Watu wa molekuli walishangilia, na watu wa mchanganyiko nao wakashangilia.

#26 Mkereketwa_Mombasa
Mbona hamuweki mezani yale ya 2022? LHCb waliona kitu cha karibu 2900 kikienda Ds+ na pioni chanya. Chaji mbili chanya! Hapo lazima kwarki nne: c, anti-s, u na anti-d. Hakuna namna ya kuiandika kwa mbili. Na mwaka 2024 wakachunguza 2460 ikienda Ds na pioni mbili, wakakuta uzito wa pioni hizo una vilele viwili. Njia moja ya kuueleza ni kuweka kitu kipya cha chaji mbili chenye uzito kama 2327, karibu kabisa na 2317 yetu.

#27 Mswahili_wa_Bonn
Malizia sentensi mkuu: njia nyingine, bila chembe mpya, ni f0(500), f0(980) na f2(1270), chembe zinazojulikana zinazovunjika kuwa pioni mbili, ingawa michango ya hizo mbili za mwisho inatoka mikubwa kuliko inavyotarajiwa. Maelezo yote mawili yanaikubali data. Na upana wa hicho cha 2327 una makosa makubwa upande wa juu. Mimi siwezi kukijengea nyumba.

#28 Mwana_wa_Kihonda
Sawa, basi semeni kipimo gani kitanitenganisha na Babu.

#29 Pwani_Moja
Upana wa 2317. Kwa kwarki mbili, hesabu nyingi zinatoa kama keV 10 (keV elfu moja ni MeV moja). Kwa molekuli inapanda hadi keV 100 na zaidi, kwa sababu D na K ndani yake zinabeba tofauti ya uzito ya u na d moja kwa moja. Kikomo tulicho nacho ni keV 3800, mbali mno. PANDA, kule Darmstadt, wana mpango wa kutumia mwale wa antiprotoni na kupandisha nishati kidogo kidogo kupita kizingiti, wasome upana kutoka kwenye umbo la mkunjo badala ya kilele.

#30 Babu_Hesabu
Mimi napendelea fotoni. Uwiano wa Ds* na fotoni kwa Ds na pioni unatofautiana kati ya nadharia zetu. BESIII mwaka 2018 walipima moja kwa moja sehemu inayokwenda Ds na pioni wakapata 1.00, na makosa ya kama 0.14 hadi 0.2 upande wa chini. Nafasi ya fotoni ni ndogo, lakini haijafungwa.

#31 Kijana_wa_Data
LHCb wameweka hadharani sehemu ya data za 2011 na 2012. Nataka nijaribu D na K mwenyewe, nione 2573 na 2860. Chumba cha kompyuta tunachotumia kinafungwa mapema na bando ni gharama, ila nitapakua usiku. Nianzie wapi?

#32 Mswahili_wa_Bonn
Anza na D0 ikienda K- na pioni chanya, ongeza K+. Kabla ya kuangalia 2860 hakikisha unaona 2573. Utaona pia kilele karibu na 2390, usishangilie: hiyo ni 2536 ikienda D* na K, pioni au fotoni imepotea njiani. Kisha badilisha K iwe pioni kwenye hesabu uone nini kinahama. Ukikwama nitumie mchoro hapa hapa.

#33 Binti_Mkwaju
Nami naomba huo mchoro ukiwa tayari, Kijana. Na swali dogo kwa Pwani_Moja: kama PANDA wakipata keV 50, katikati kabisa, mtagawanaje?

#34 Mwana_wa_Kihonda
Hapo mimi na Babu tutafungua uzi wa pili.